Sweta Lililogoma Kukauka

"Mama, mkanda wangu!"

"Uko ulikouacha."

"Na rula je?"

"Iko pamoja na mkanda," alijibu Mama Oktavia bila kuinua macho kwenye mashine yake ya kufumia masweta.

Hivyo ndivyo asubuhi zilivyoanza nyumbani kwa kina Oktavia, mjini Njombe. Nje ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mabati na majirani wakisugua viganja vyao kwa baridi. Ndani, Oktavia alikuwa amepiga magoti, mkono mmoja chini ya kitanda, akipapasa kama mtu anayetafuta yai la kuku. Mkanda ulipatikana kwenye kikapu cha viazi. Rula haikupatikana kabisa.

Oktavia alikuwa darasa la sita. Akili alikuwa nayo, na mdomo alikuwa nao zaidi, lakini vitu vyake, jamani! Kila kimoja kilikuwa na safari zake. Mama yake, ambaye aliwafumia wanafunzi wa shule nyingi masweta, alipanga nyuzi zake ukutani kwa rangi, na angeweza kuchukua ya bluu akiwa amefumba macho.

"Huyu sijui nilimzaa au nilimwokota sokoni," mama alizoea kusema huku akicheka.

Shuleni, Mwalimu Valeriani alikuwa amewafungulia wanafunzi wake blogu.

"Blogu ni ukurasa wenu mtandaoni," aliwaeleza katika chumba cha kompyuta. "Mtu unaandika unayoyajua wewe. Aliye Lugarawa au Mwanza anafungua kwao, anakusoma, anakuuliza swali. Lakini maoni yote yatapitia kwangu kwanza, ili asije mtu wa ovyo akawasumbua."

Kila mwanafunzi alichomoa karatasi kutoka kwenye kofia ya mwalimu ili apate mada yake. Alois alipata ufugaji wa sungura, akaruka juu kwa furaha, maana kwao sungura walijaa. Oktavia alifungua yake, akasoma kwa sauti ya chini: "Mpangilio wa vitu vyangu na siku yangu."

Darasa zima lilipasuka kwa kicheko.

"Mwalimu, hiyo karatasi imepotea njia," alisema Alois, "kama mkanda wake!"

Oktavia alicheka pamoja nao, lakini moyoni alichomwa. Mtanikoma, alisema kimoyomoyo.

Jioni hiyo aliazima simu ya mama. Alitafuta, akapata makala nzuri iliyoandikwa na mtu wa Dar es Salaam kuhusu kujipanga. Looo, makala ilikuwa tamu! Daftari zipangwe kwa rangi za majalada, kila siku na kazi yake, kila kitu na mahali pake. Oktavia aliinakili neno kwa neno, akaweka jina lake chini. Palikuwa na sentensi moja iliyosema kwamba nguo zikichelewa kukauka uwashe feni. Hiyo aliifuta haraka, maana Njombe nani anayenunua feni? Sentensi ya juu yake aliiacha. Ilisema: "Fua sare yako Jumapili jioni, ianike, na Jumatatu alfajiri utaikuta imekauka, inasubiri pasi tu."

Hakuirudia kuisoma.

Wasomaji walimiminika. Mtu wa Igwachanya aliandika, "Hongera binti, endelea hivyo hivyo." Mwalimu Valeriani aliichagua makala hiyo isomwe mbele ya wazazi siku ya wazazi, na Alois akaacha utani wake. Oktavia alitembea shingo juu. Nyumbani, hata hivyo, rula ilikuwa bado haijulikani ilipo.

Siku moja wakati wa mapumziko, Mwalimu Valeriani alimwita katika chumba cha kompyuta.

"Oktavia, una mgeni," alisema, akamwonyesha kiti mbele ya kompyuta.

Kwenye kioo palikuwa na maoni mapya:

"Asalaam aleikum mwanangu Oktavia. Mimi ni Mama Bibie, nipo Makambako. Tumehamia juzijuzi tu kutoka Tanga. Binti yangu Bibie husoma kila unachoandika. Jumapili alifua sweta lake jioni, kama ulivyofundisha. Asubuhi lilikuwa linachuruzika maji. Mimi nilishatoka kwenda dukani. Yeye akaogopa kukaguliwa bila sweta, akalivaa hivyo hivyo. Alikuwa na mafua, baridi ikamzidishia, akabanwa na kifua, akalazwa kituo cha afya. Alhamdulillahi, sasa amerudi nyumbani. Sikulaumu mwanangu, huenda sisi ndio tuliokosea mahali. Tueleze tafadhali, nyinyi wenyeji mnafanyaje hadi linakauka?"

Oktavia alisoma, akarudia. Laiti huyo mama angemtukana! Lakini alikuwa ameuliza kwa upole, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani kuomba moto.

"Haya, mjibu mgeni wako," alisema mwalimu.

Oktavia aliweka vidole kwenye kibodi. Angeweza kuandika kwamba Bibie hakulikamua sweta vizuri. Nani angejua? Uongo ulikuwa umeshaiva, umebaki kupakuliwa tu. Ndipo alipomfikiria mtoto asiyemjua, amelala kitandani, akihema kwa shida kwa sababu ya maneno yaliyokuwa na jina la Oktavia chini yake. Aliona aibu, tena aliogopa. Machozi yalimtoka.

"Mwalimu, sijui," alisema. "Sijawahi kufua sweta jioni. Kwa kweli sijawahi kufua sweta kabisa, huwa anafua mama. Ile makala niliinakili kwa mtu wa Dar es Salaam."

Mwalimu Valeriani alivuta kiti, akakaa kando yake.

"Hata feni ilikuwemo," aliendelea Oktavia, kwikwi zikimkata maneno. "Nikaifuta."

"Feni!" Masharubu ya mwalimu yalicheza kidogo. "Njombe hii, mwezi wa saba?" Kisha uso wake ukawa mzito. "Kwa hiyo uliona kwamba maneno hayo si ya huku kwetu, ukaificha ile sehemu ambayo ingekuumbua. Ile iliyomponza Bibie hukuiona."

Oktavia aliinamisha kichwa.

"Makala tunaiondoa leo," alisema mwalimu. "Mahali pake utaandika wewe mwenyewe kwa nini imeondolewa, na utamtaja aliyeiandika. Siku ya wazazi Alois atasoma ya sungura. Na Mama Bibie?"

"Nitamwandikia, mwalimu."

"Kwa kuandika ndiko ulikomponza binti yake. Mama yako si huwa anaenda Makambako kuchukua nyuzi? Nitaomba namba ya Mama Bibie, nimpe mama yako."

Jioni, Oktavia alimweleza mama yake yote. Mashine ya kufumia ilisimama.

"Wewe!" alisema Mama Oktavia. "Binti wa mfuma masweta! Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilitaka wanione najua."

Mama alikuwa amekasirika, na hakuficha. Lakini Jumamosi alijaza viazi kwenye mfuko, akasema, "Kumwona mgonjwa hatuendi mikono mitupu. Vaa twende."

Makambako ilikuwa na upepo wake kama kawaida, ukipeperusha vumbi na mifuko barabarani. Duka la Mama Bibie lilikuwa karibu na soko, limejaa ndoo na mabeseni ya plastiki hadi mlangoni. Mwenyewe alikuwa mwanamke mnene mwenye ushungi wa kijani.

"Kamwene!" aliwasalimu kwa furaha. Lilikuwa neno pekee la Kibena alilokuwa amejifunza, na alimpa kila mteja.

"Kamwene," Mama Oktavia aliitikia, akicheka. "Sisi ndio tuliokupigia simu kutoka Njombe."

"Shikamoo mama," alisema Oktavia.

"Marahaba mwanangu. Ndiye wewe? Bibie! Njoo umwone mgeni wako!"

Kutoka nyuma ya mabeseni alitokeza msichana mdogo kuliko Oktavia, amejifunga blanketi, mashavu yamebonyea. Alikohoa, kisha akatabasamu hadi macho yakang'aa.

"Dada Oktavia wa blogu?"

Tabasamu hilo lilimuumiza Oktavia kuliko kofi. Alitamani ardhi ipasuke. Lakini alikuwa amekuja kusema, akasema. Alieleza kuhusu kunakili, kuhusu feni, kuhusu sweta ambalo hajawahi kulifua. "Umeugua kwa sababu yangu. Nisamehe, Bibie. Nisamehe, mama."

Bibie alikunja uso akiwaza.

"Kwa hiyo hata ile ya kupanga daftari kwa rangi?"

"Hata hiyo."

"Ala! Na mie nimeshazijaladia zote!"

Mama Oktavia alishindwa kujizuia, akacheka. Bibie naye alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na mama yake akamshika mgongo. Mama Bibie hakucheka.

"Ulichofanya si kizuri, mwanangu, nisikufiche," alisema polepole. "Usiku ule kituo cha afya nilikaa nikisikiliza anavyopumua, nisithubutu hata kusinzia. Sikuombei wewe wala mama yako usiku kama ule. Lakini umekuja mwenyewe ukayasema mbele yangu. Wako watu wazima hawawezi hilo. Nimekusamehe." Alijifuta macho kwa pembe ya ushungi. "Ila swali langu liko palepale. Sweta mnalikaushaje?"

Wote walimgeukia Mama Oktavia.

"Jibu ataleta Oktavia," alisema. "Mpaka ajaribu kwa mikono yake."

Na kweli alijaribu. Kwanza alifua sweta alasiri, alipotoka shule, akalianika kwenye kamba. Giza lilipoingia lilikuwa limelowa vilevile, na asubuhi likawa limekakamaa kwa umande baridi. Safari nyingine alilitundika juu ya moto jikoni. Kukauka lilikauka, lakini shuleni Alois alinusa hewa, akauliza nani amebeba samaki wa kubanika. Alipofikiria kuingiza jiko la mkaa chumbani usiku ili likauke, mama alimkemea vikali.

"Thubutu! Mkaa kwenye chumba kilichofungwa unaua watu wamelala. Sweta si kitu mbele ya roho yako."

Hatimaye alipata njia yake. Alifua Jumamosi asubuhi, jua lilipopasua ukungu. Alilikamua, akalikunja ndani ya kanga kavu na kulikanyagakanyaga kwa miguu safi hadi kanga ikanywa maji. Kisha alilitandaza juu ya kichanja cha vyombo, jua likipiga, akaligeuza mara kwa mara. Kabla jua halijazama, lilikuwa kavu hata kwenye mishono. Na kwa kuwa Jumamosi ilikuwa sasa na kazi inayojulikana, Oktavia alianza kuzipa kazi na siku nyingine. Alipigilia msumari nyuma ya mlango kwa ajili ya mkanda na mkoba, akaamua kwamba vyote vinarudi pale kabla ya chakula cha jioni. Siku nyingine alisahau. Zilizobaki, asubuhi zilikuwa na utulivu hadi mama akauliza kama anaumwa.

Yote hayo aliyaandika kwenye blogu, hata harufu ya samaki wa kubanika. Aliogopa watamcheka. Walimcheka, lakini safari hii walicheka pamoja naye, na wakaandika ya kwao. Mama mmoja wa Matembwe alieleza jinsi ya kukausha nguo kijiji kinapokosa jua kwa siku kadhaa. Muuguzi wa Lugarawa alishukuru kwa onyo la mkaa, akasema atawasomea wagonjwa wake. Dereva aliyehamia Makambako kutoka Kigoma alisema mkewe amefurahi mno, maana walidhani ni wao peke yao wanaoshindwa na baridi hii.

Mwalimu Valeriani aliyasoma maoni hayo mbele ya darasa.

"Mmeona?" alisema. "Ile ya kwanza ilipata hongera nyingi, na ilimlaza mtoto wa watu kitandani. Hii ya pili ina makosa ya mtu aliyejaribu, na imesaidia watu ambao Oktavia hatawaona maishani. Blogu ni kama nyumba yako. Mgeni akija, mpe ulichopika mwenyewe, hata kama ni viazi vitupu. Ukitaka kutumia maneno ya mwenzako, mtaje, na uyapime kwanza kama yanafaa kwenu. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri..." Mwalimu alisita, akakohoa. "Mwisho wake mnaujua, msiniletee matatizo na wazazi."

Darasa liliangua kicheko. Oktavia naye alicheka hadi akalala juu ya meza.

Wenzake walipotoka, mwalimu alimbakisha kidogo. Palikuwa na maoni mapya kutoka Makambako, na safari hii aliyeandika alikuwa Bibie mwenyewe.

"Dada Oktavia, leo nimevaa sweta kavu kabisa. Mama amelikanyaga ndani ya kanga hadi akacheza ngoma ya kwetu juu yake. Sasa niambie, viatu vya turubai vikilowa unafanyaje?"

Vidole vya Oktavia vilikimbilia kibodi, kisha vikasimama. Oktavia alivuta pumzi, akaandika:

"Sijui, Bibie. Sijawahi kujaribu. Jumamosi nitavilowesha vyangu, halafu nitakwambia."