Aliyeitika Jina la Marehemu

— Kicheko, umefunga mlango wa nyuma?

Kicheko alikuwa kaburini miaka mingi. Lakini swali limeshaulizwa, na mzee ameketi kitandani macho yameganda mlangoni, anasubiri.

— Nimefunga, mume wangu, akajibu Mshonaji.

Mzee akashusha pumzi, akajilaza. Mshonaji akabaki amesimama na mto mkononi kama mwizi.

Huyu Mshonaji ndiye mke wa pili, aliyeolewa baada ya Kicheko kufariki. Mumewe alikuwa kinyozi, mkono mwepesi, mdomo mwepesi zaidi, mpaka siku alipomnyoa mteja upande mmoja akaenda zake kunywa chai. Hospitali wakaambiwa ni ugonjwa wa kusahau, na hauponi. Daktari akashauri mambo ya fedha na matunzo yapangwe mapema, mzee akiwa bado ana siku zake nzuri.

Mwanzoni Mshonaji alisema ukweli: Kicheko amefariki. Mzee akalia kama ndiyo kwanza anapata msiba. Kesho yake akauliza tena, akaambiwa tena, akalia upya. Haya, wewe ungemfishia mtu mkewe kila siku? Mshonaji hakuweza. Akaanza kuitika.

Na kuitika jina la marehemu si mchezo. Alijikuta anacheka vile mzee alivyosimulia kuwa Kicheko alicheka. Akapunguza chumvi kwenye mboga, maana Kicheko hakuipenda. Siku moja sokoni jirani alimwita kwa jina lake, akaita tena, Mshonaji hageuki. Alipogundua kuwa anayeitwa ni yeye, mwili ukamsisimka. Tangu hapo akawa anapita mbele ya kioo bila kutazama.

Akaja wakili, kaletwa na binti wa mzee, mtoto pekee wa Kicheko, mhasibu asiyetaka longolongo. Mpango ulikuwa mzuri tu: mzee ataje kwa mdomo wake nani asimamie pensheni na nyumba, na nani amtunze.

— Mke wangu, mzee akasema bila kusita.

Mshonaji akatulia moyo. Wakili akauliza ni yupi.

— Huyu hapa. Kicheko.

Wakili akafunika kalamu yake. Kwa upole akaeleza kuwa hawezi kupokea saini ya mtu anayemkabidhi marehemu mali. Binti akamvuta mama yake mdogo jikoni.

— Tangu lini unaitika jina la mama yangu?

— Tangu nilipochoka kumliza baba yako.

— Ungemwacha alie. Leo angekujua.

Neno hilo lilimchoma Mshonaji, maana lilikuwa la kweli. Huruma yake mwenyewe ndiyo iliyomfuta. Jioni ikaingia meseji: "Mama mdogo, Jumamosi namchukua baba akae kwangu. Utakuja kumwona ukipata nafasi. Usimwambie kwanza."

Ukipata nafasi! Mke anaambiwa hivyo kuhusu mumewe wa ndoa. Akaandika jibu la hasira, akafuta, akaandika lingine, akafuta, mwisho akatuma: "Sawa." Kisha akakaa kukunja mashati ya mzee huku machozi yanamtoka, na hata hayo machozi hakujua anayalia kama nani.

Jumamosi binti akafika na begi tupu mkononi. Alipokaribia chumba akamsikia baba yake anaongea, akasimama koridoni. Ndani, mzee alikuwa anapigapiga kitanda pembeni yake.

— Kicheko, kaa. Kuna jambo linanisumbua.

Mshonaji akakaa.

— Sema, mume wangu.

— Usinikasirikie. Kuna mwanamke.

— Mwanamke gani?

— Anashona hapo chumba cha pili. Anabana pini mdomoni halafu anaongea nazo hivyo hivyo. Ananipa dawa, ananikata kucha. Sijui katokea wapi. Nimempenda, Kicheko. Nimejizuia kwa ajili yako, nimeshindwa.

Mshonaji akashika ukingo wa kitanda. Katika ndoa yao yote hakuwahi kuambiwa neno hilo. Mzee alikuwa mtu wa utani, na yeye siku zote aliamini analalia nafasi ya mwenzake. Sasa linasemwa, na anayeambiwa si yeye.

— Umemwambia mwenyewe?

— Naanzaje, na wewe upo?

Akamvutia mzee shuka miguuni.

— Mimi sina kinyongo. Mwambie.

— Kweli?

— Kweli kabisa.

Mzee akamshika mkono.

— Basi niitie. Wewe nenda kapumzike, Kicheko. Umechoka.

Akatoka. Koridoni binti ameegemea ukuta, begi liko sakafuni, uso umelowa.

— Amemuaga mama, akanong'ona.

— Nisamehe, mwanangu.

— Hapana. Pensheni nitaisimamia mimi, kila mwezi tukae tupige hesabu pamoja. Baba anabaki hapa, na wewe. Nenda, anakusubiri.

Mshonaji akajifuta uso kwa kiganja, akagonga mlango wa chumba chake mwenyewe.

— Nani?

— Mimi. Mshonaji.

Kitanda kikalia kidogo. Mzee alikuwa anajiweka kola sawa.

— Ingia, akasema. Mke wangu ameturuhusu.