Jina Lililokaa Bure

Jioni ile nilikuwa nakwenda kuchukua furushi la mama, basi. Kazi ya dakika ishirini. Huu ni mwaka wangu wa pili nasoma Kampala, na kila mwezi mama ananitumia unga wa muhogo na maharagwe kutoka kwetu Butembo, ng'ambo ya mpaka, kana kwamba Uganda watu hawalimi. Namcheka, lakini furushi likichelewa silali vizuri. Ndicho kitu pekee mjini huku kinachojua mimi ni mtoto wa nani.

Niseme kwanza kosa langu. Kwetu Wanande jina linafuata zamu ya kuzaliwa: Kasereka ni mvulana wa tatu, Kakule ni wa nne. Mimi ni Kakule. Kasereka wetu alikufa siku aliyozaliwa, akazikwa asubuhi, yakaisha. Sasa hosteli yetu ina akina Kakule watatu, na Muyisa, kijana wa Beni anayekaa chumba cha pili, alichoka kuita mmoja wakaitika wote.

"Jichagulie jina ingine," akaniambia.

"Basi uniite Kasereka. Jina ilikaa bure tu, mwenyewe hapana kuitumia."

Tulicheka sana.

Kwenye ofisi ya mabasi, Dada Agar, anayepokea mizigo ya watu wa kwetu, alinikodolea macho.

"Unarudia nini tena? Colis, furushi ya mama yako, si ulishabeba?"

"Nani, miye?"

"Weye. Sasa hivi. Nikakuuliza juu ya nini mikono iko baridi hivi, ukanyamaza tu."

Akanigeuzia daftari. Mwandiko ulikuwa wangu, hata ule mkia wa herufi ya mwisho.

Kasereka.

Ukurasa ulinuka udongo mbichi.

Nilirudi mbio. Kufuli la chumba changu lilikuwa wazi. Ndani... harufu ile ile. Kamba ya mama imekunjwa vizuri mezani. Sufuria ya maharagwe bado inatoa mvuke. Sahani moja, imeliwa ikaisha.

Hapakuwa na mtu. Nikampigia mama.

"Kasereka, mutoto wangu," akasema kwa furaha. "Maharagi iliiva muzuri?"

"Mama, ni miye. Ni Kakule."

"Weye ni nani?" Sasa alikuwa ananong'ona. "Usinichezee hivyo. Kakule wangu sikumusikia hata kulia. Tulimuzika asubui."

Akakata simu.

Muyisa akaita kutoka koridoni, kama kila jioni, twende tukanyooshe miguu.

"Kasereka!"

Nikafungua mdomo niitike.

"Nakuya," sauti yangu ikajibu.

Nyuma ya mgongo wangu.

Mlango ukafunguliwa, ukafungwa. Nikasikia nyayo za watu wawili zikishuka ngazi, na Muyisa akicheka.

Tangu hapo Muyisa ananipita kwenye ngazi bila salamu. Dada Agar naye ananitazama kana kwamba anatazama ukuta. Furushi linafika kila mwezi na linaliwa. Mimi nanusa mvuke tu. Sijui huyo Kasereka alitoka wapi, wala kama ni yeye aliyezikwa au ni mimi. Nimemkumbuka mama mpaka kifua kinauma.

Jina la Kakule wa kwetu sasa limekaa bure. Naomba mtu alichukue, hata kwa utani.

Nitakuja.