Kisanduku cha Konokono

Haya yalimkuta rafiki yangu Teddy kule Ngara, miaka ile ya wakimbizi, na mpaka leo hapendi kuyarudia.

Alitumwa kijiji cha Murukulazo kupima chemchemi, maana wenyeji walidai wakimbizi wa Burundi wametia sumu. Alikuwa na kisanduku cha majaribio, ndani yake chembe hai za mishipa ya fahamu ya konokono zimeshikizwa kwenye nyaya. Zikihisi sumu, spika hutatarika kama mafuta kikaangoni.

Chemchemini kisanduku kilikaa kimya.

“Kidude chako kinawatetea hao Warundi!” alifoka mzee Protasi, mwenye shamba. Mvua ilipokuja aliwaingiza ndani kwa shingo upande, Teddy na Ndikuriyo, mkimbizi aliyembebea vifaa. Chumba kilikuwa giza. Teddy akachomoa betri, akakitia kisanduku begini.

Protasi akamsukumia Ndikuriyo kibuyu cha pombe ya ndizi bila kuonja kwanza kuonyesha haina sumu, jambo ambalo mwenye nyumba wa kule halifanyi. Begi likaanza kutatarika, ingawa betri ilikuwa imechomolewa.

“Mzee, tuonjee kwanza,” Teddy alisema.

“Mnanionaje nyie?” Akapiga mafunda makubwa, akafuta mdomo. “Haya! Nimekufa?”

Teddy akakitoa kibuyu nje, lakini begi halikunyamaza. Lilinyamaza pale tu Protasi mwenyewe alipokwenda zizini, akaufunga mlango nyuma yake. Wakabaki gizani wakisikiliza mvua, ambayo ilimeza kila kishindo cha nje.

Kisha begi likaanza tena, polepole, halafu kwa nguvu, kana kwamba kuna mtu anakaribia huko nje, na mlango ulikuwa bado umefungwa.