Mwanaume wa Chumba cha Mwisho

— Musoki, ni nani huyo iko anakuita «bibi yangu»?

— Mugonjwa. Nitakupigia.

Musoki akakata simu.

Mchumba wake, Kule, alibaki pale sokoni Bunia, mbele ya viatu vyake vya kuuza, akiitazama simu kama imemutemea mate. Mahari ilikwisha pokelewa. Harusi ilingoja tu vita ya njiani itulie wajomba wapite. Lakini Kule alikuwa na wivu: nzi akitua kwa shavu la Musoki, angemuuliza ametoka kwa nani. Akaandika: «Chagua. Yeye ama mimi.»

Jibu likaja: «Kuja umuone. Utanisaidia kumugeuza kitandani.»

Alifika hospitali ambako Musoki alikuwa muuguzi, mikono ya shati imekunjwa, tayari kupigana. Katika chumba cha wale ambao dawa inawapunguzia tu maumivu, akakuta mifupa chini ya bulangeti.

— Ni Constant, wa kijiji cha Fataki, Musoki akanong'ona. Macho haioni tena. Bibi yake Geneviève aliuawa wakikimbia, na yeye anasahau. Wengine wote wako na garde-malade wa kuwaosha na kuwalisha. Yeye hana mutu. Dawa namupatia, lakini anatafuta mukono ya bibi yake.

— Na weye unamupa yako.

— Nimupe ya nani? Ya docteur?

Kule akasogea kitandani.

— Shika mabega. Polepole, kama mutoto.

Wakamugeuza. Musoki akampangusa Kule jasho kwa kiganja, akasahau wako wapi. Constant akainua kichwa.

— Geneviève. Nasikia pumzi ya mwanaume. Ni nani huyo karibu yako?

Musoki akamtazama mchumba wake. Kule alikuwa na jibu tangu sokoni: mimi ndiye bwana yake. Lilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza, nalo lilikuwa na miiba.

— Ni garde-malade wako, muzee. Nimekuja kukugeuza.

— Usiangalie bibi yangu sana.

— Siwezi, muzee. Watu wote wanajua ni wako.

Constant akashika mukono wa Musoki, akalala. Kule akachukua beseni, akaanza kumuosha miguu.

Alirudi kila siku mpaka mugonjwa alipokata roho, na ni yeye aliyemufumba macho.

Siku ya harusi pasta akauliza kama kuna anayepinga. Hakuna aliyesimama. Ni bwana arusi peke yake aliyegeuka kutazama mulango, kama anayemungoja muzee.