Lori la Nepi

JUMATANO, SAA KUMI ALASIRI

Chumba cha nyuma cha duka la Fundi hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na meza moja, taa ya kubana mezani na droo zilizojaa simu zilizokufa. Mbele, wateja waliona kioo safi na tangazo la kubadilisha betri. Huku nyuma Fundi alitengeneza mambo mengine.

Alikuwa amechora juu ya kadibodi. Mlango wa mizigo wa supamaketi. Ukumbi wa kupokelea bidhaa. Kizimba cha nondo chenye kufuli mbili. Kaunta ya simu alikuwa ameichora mbali, mbele kabisa, halafu akaikata kwa mstari.

"Mbele hakuna kitu," alisema. "Za kwenye kabati zimefungwa waya, na maboksi yake ni matupu. Mali inaingia nyuma. Ikishafika kwenye kizimba tumeikosa."

Walikuwa watatu. Fundi mwenyewe, mwenye duka na mwenye akili, ambaye sauti yake haikupanda hata akikutukana. Teke, mwenye mabega, aliyepata jina lake kwa namna yake ya kufungua milango. Na Kimya, aliyekaa juu ya kreti karibu na mlango. Huyu alikuwa mtu wa miaka arobaini na kidogo, na jina lilimtosha. Alipanga chumba juu ya ghala la matairi. Mke hakuwa naye, mtoto hakuwa naye, na ndugu zake walishazoea kuishi bila kumuulizia. Angeweza kuugua wiki nzima na asitokee wa kugonga mlango.

Kazi aliyopewa ilikuwa kuwa mteja. Mwaka uliopita Fundi alimtuma pale supamaketi achukue simu ya bei mbaya kwa mkataba, ya kulipa kidogo kidogo kwa miaka miwili, ili awe na sababu ya kurudi kila mwisho wa mwezi na kupeleka macho. Pesa ilitoka kwa Fundi. Aliiita gharama za kazi.

Teke ndiye aliyemchokoza. Alisema mwaka mzima mtu anapeleka hela kaunta, na habari pekee aliyorudi nayo ni kwamba kule ndani kuna kiyoyozi. Fundi akatabasamu. Hilo tabasamu lilimchoma Kimya kuliko maneno, na kabla hajajizuia akawa ameshasema.

Alisema simu hazisafiri peke yake. Zinakuja Alhamisi asubuhi na lori la nepi, ndani ya katoni za nepi za watoto wachanga, ili dereva na wapagazi wasijue wamebeba nini. Wanaojua ni meneja na dada wa kaunta ya simu, basi. Lori likishusha linaondoka, na mzigo unakaa ukumbini mpaka meneja afike na ufunguo wa kizimba.

Fundi akaweka kalamu chini. Akamtazama Kimya kwa muda mrefu, na hata Teke akageuza shingo. Kimya alijisikia vizuri. Tusimsingizie mtu: alijisikia vizuri mno. Lini mara ya mwisho watu wawili walinyamaza ili yeye aseme?

Utamu huo haukufika mbali.

"Basi na wa kushikwa tumeshampata," Fundi alisema.

"Nani?"

"Dada wa kaunta. Wanaojua ni wawili, na meneja ni mtu mzito. Polisi wote wanaamini kikulacho ki nguoni mwako. Watamweka ndani, watamhoji mpaka achoke. Wakija kushtuka, mzigo umeshavuka mpaka."

Kimya akasema labda wangoje, watafute namna nyingine. Fundi alimuuliza kwa upole, bila ubaya wowote:

"Kwani ni nani wako?"

Kimya akatazama kadibodi.

SAA KUMI NA MBILI JIONI

Alirudi chumbani kwake akaketi kitandani na viatu vyake.

Siku ile ya kwanza pale kaunta, dada alipiga hesabu ya mkataba kwenye kikokotozi, akakigeuza ili Kimya aone mwenyewe. "Kaka yangu, ngoja nikwambie ukweli," alisema kwa sauti ya chini. "Ukimaliza kulipa utakuwa umenunua simu mbili na nyumbani umebeba moja. Chukua ya kawaida tu, inapiga vilevile." Kila mkataba ulimpa dada asilimia yake kidogo, na alikuwa anaitupa ili kumwokoa mtu asiyemjua. Kimya alitia sahihi kwa sababu alitumwa. Dada akatikisa kichwa kama anayemsikitikia mdogo wake.

Toka hapo, kila mwisho wa mwezi alimgombeza. Alimuuliza kama kile kikohozi kimeisha. Alimwambia anakonda, na kwamba mwanamume anayejipikia huishia kula chai. Maongezi yenyewe hayakuzidi muda wa kuchapa risiti na kumngoja mteja wa nyuma aanze kuguna. Kampuni ilimtumia ujumbe mara nyingi kwamba anaweza kulipa akiwa nyumbani, kwa kubonyeza tu. Hakubonyeza hata mara moja. Simu yenyewe ilikuwa na kamera tatu na haikuwa na mtu wa kumpigia. Namba ya dada hakuwa nayo. Kuomba alitaka, akaogopa.

Habari ya nepi ilimponyoka dada siku ya mvua, duka likiwa tupu. Tajiri mmoja alikuwa amekuja kutafuta toleo jipya, amelikosa, akaondoka anafoka. Dada akainama juu ya kaunta na kusema bwana yule angoje lori la nepi. Akaeleza, akacheka mpaka machozi, kisha akajiziba mdomo. "Nimekwambia wewe tu," alisema. "Najua wewe husemi na mtu."

Naye alikuwa hasemi na mtu, kweli, mpaka leo alasiri. Kimya aliona haya peke yake mle chumbani, haya ya kuficha uso kwa mikono ilhali hakuna anayekuona.

Akatafuta njia. Aende kumwonya dada? Akijua, atakuwa ameshiriki kweli, na ni mtu asiyeweza kudanganya hata kwa faida ya mshahara wake. Amwambie asije kazini? Atakayekosekana ndiye atakayefungwa. Akimbie yeye mwenyewe? Teke ataingia bila yeye, ataenda moja kwa moja kwenye nepi, na hapo dada amekwisha. Maji yalikuwa yameshamwagika.

Akalala chali akaangalia dari. Mwizi anayejua huenda moja kwa moja, aliwaza. Asiyejua huchana kila kitu.

ALHAMISI, SAA MBILI KASORO ASUBUHI

Gari lilikuwa jeupe, limeandikwa ubavuni jina la kampuni ya mikate isiyokuwepo. Fundi alibaki kwenye usukani. Kimya na Teke walishuka na ovaroli, kofia na barakoa. Sheria ya Fundi ilikuwa moja: ndani hakuna mdomo. Sauti hukumbukwa kuliko sura. Ndani ni mikono tu.

Karani wa mapokezi alikuwa mzee wa miwani, amesimama na kikombe. Mlinzi alikuwa na rungu na usingizi. Teke alimaliza habari zao bila jasho, akawavika mifuko kichwani na kuwaketisha ukutani, mikono nyuma. Kimya akashusha mlango wa chuma mpaka ukabaki uwazi wa kiganja. Fundi alikuwa amewapa dakika kumi, na hakuwa mtu wa kuongeza.

Katoni za nepi zilikuwa pale pale, rundo la kwanza, na picha ya mtoto mchanga anayecheka.

Kimya akazipita. Akaenda kwenye sabuni ya unga, akachomoa kisu cha kukatia katoni, akachana. Sabuni ikamwagika hadi miguuni mwake. Akachana nyingine.

Teke akasimama. Akanyoosha kidole kwenye nepi.

Kimya akatikisa kichwa. Akazungusha mkono hewani: wamebadilisha. Akaelekeza unga wa ngano.

Teke alisita. Lakini aliyejua mambo ya mle ndani ni Kimya, na amri ilikuwa kumfuata Kimya. Wakachana unga. Wakachana tambi, wakachana biskuti, wakapindua ndoo za rangi. Ukumbi ukajaa vumbi jeupe, na wale wawili ukutani wakaanza kukohoa ndani ya mifuko. Kimya alikata kwa fujo, kwa kelele, akipiga teke maboksi ili masikio ya karani yasikie vizuri: hawa watu hawajui wanatafuta nini. Katikati ya woga wote alikuwa na furaha. Kwa mara ya kwanza alikuwa anamfanyia mtu jambo.

Teke akachoka. Akamshika ukosi, akamsukuma kwenye rundo la nepi, na macho yake juu ya barakoa yakauliza. Mdomo nao ukaanza kufunguka. "Si uli—"

Kimya alimpiga ngumi ya koo. Neno likafia hapo hapo.

Teke aliinama, akavuta pumzi, akampiga naye mara moja tu, na Kimya akaanguka kwenye unga. Kisha Teke akachana nepi mwenyewe. Katoni ya kwanza: nepi. Ya pili: nepi juu, na chini yake maboksi madogo meusi, membamba, yamepangika vizuri. Akachukua katoni mbili za namna hiyo akaelekea mlangoni, na hapo Fundi akaingia akitambaa chini ya chuma, kwa sababu muda ulikuwa umepita.

Fundi alitazama sabuni, unga, tambi. Akatazama nepi zilizochanwa mwisho. Hakuhitaji kuelezwa. Alipiga goti kando ya Kimya akaweka mdomo sikioni mwake.

"Kwa ajili ya yule wa kaunta?"

Kimya akageuzia uso kwenye unga.

"Basi sikiliza, mdogo wangu. Ukinitaja, namtaja. Aliyekwambia nepi ni yeye."

Alisema hivyo taratibu, kama anayempa mtu maelekezo ya dawa. Akaokota nondo ya kufungulia maboksi. Teke akageuka pembeni. Nondo ilishuka kwenye goti la Kimya mara mbili, na mara ya pili hata karani aliisikia. Kisha mlango ukalia, gari likaondoka, na Kimya akabaki amelala kwenye unga uliokuwa unageuka mwekundu. Juu yake mtoto wa kwenye katoni aliendelea kucheka.

ALHAMISI, SAA KUMI ALASIRI

Hospitali walimfunga goti kwa plasta na mkono kwa pingu. Ilikuwa saa ya kutazama wagonjwa. Vitanda vyote vilizungukwa na shangazi, watoto na mabakuli. Kwake alisimama mpelelezi, mtu mnene mwenye subira.

Mpelelezi alisema wameona kwamba ana mkataba wa simu pale pale dukani, mwaka mzima sasa. Kimya alikubali. Alisema alikuwa anachungulia. Kila Ijumaa aliona kabati limejaa, akajua mali inafika Alhamisi.

"Na kwamba zimo kwenye nepi, nani alikwambia?"

"Ningeambiwa, ningechana sabuni?"

Mpelelezi akaguna. Karani naye alikuwa ameshaeleza kwamba wale watu walipekua kama panya. Akauliza kuhusu wenzake. Kimya alisema aliwaokota kijiweni, hajui wanakokaa. Akaambiwa kwamba atabeba miaka yote peke yake. Akasema sawa. Aliyemvunja goti alikuwa umbali wa mitaa mitatu, anabadilishia watu betri, na Kimya alimlinda kama mzazi.

Mpelelezi akafungua mlango, akamwita mtu.

Dada aliingia na sare yake ya kazi. Uso ulikuwa umevimba kwa kulia. Walikuwa wamemweka kituoni toka asubuhi. Alisimama mwisho wa kitanda akamwangalia Kimya, kutoka plasta mpaka pingu mpaka uso. Kimya aliona wazi anavyojumlisha: siku ya mvua, lori, kicheko, mtu asiyesema na mtu. Mkono wake ukashika chuma cha kitanda.

"Unamfahamu huyu?" mpelelezi aliuliza.

Usiseme, Kimya aliomba moyoni. Dada yangu, usiseme.

"Ni mteja," dada alisema. "Wanapita wengi, afande. Sura siwezi kuzishika zote."

"Aliwahi kukuuliza habari za mzigo?"

"Alikuwa anauliza bei."

Sauti ilikuwa kavu, ya kaunta kabisa, ile ya kuwaambia watu mashine haina mtandao. Ndiyo sauti aliyoihitaji Kimya. Kwa ajili ya sauti hiyo alikuwa amechana ukumbi mzima. Ila hakuwa amejiandaa kwa jinsi itakavyouma.

"Na wewe," mpelelezi akamgeukia, "huyu unamjua?"

"Naijua sare. Akiivua, hata sitamtambua."

Mpelelezi aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akafunga jalada lake. Akamwambia dada anaweza kwenda nyumbani, na kesho arudi kazini kwake. Dada akashukuru. Akatembea kati ya vitanda, akawapisha watoto, akapita mlangoni. Hakugeuka. Kimya alikuwa anamwombea asigeuke, na alipoona kweli hakugeuka, machozi yakamtoka, na mkono wenye pingu haukufika usoni.

Mgonjwa wa kitanda cha pili, mzee aliyezungukwa na wajukuu, alimhurumia. Akamuuliza yule dada ni nani wake, binti au mke.

"Si mtu wangu, mzee," Kimya alisema, akageukia ukutani.