Sauti ya Muuza Kwanga

Asubuhi za mtaa wa Kabondo huanza na moshi. Kabla pikipiki hazijaanza kunguruma barabarani, Gracia alikuwa amekwisha kuchuchumaa jikoni, akipuliza kuni chini ya sufuria kubwa ambamo kwanga za mama yake, ile mikate ya muhogo, zilikuwa zikiiva. Moshi ukamwingia machoni. Akapiga miayo, akapuliza tena. Alikuwa na miaka kumi na miwili tu, lakini tangu mama aanze kuugua, mgongo wake ulikuwa kama wa bibi kizee.

Mama Adèle alizitoa kwanga zikiwa bado zimefungwa katika majani, akazipanga ndani ya beseni, akajitwika. Zamani, hapo ndipo sauti yake ilipoanza kazi.

"Kwangaaa! Kwanga ya Yanonge, iko moto eee!"

Ilikuwa sauti nene, iliyopanda kidogo mwishoni kama ya mtu anayetaka kucheka. Wanawake wa mtaa hawakuwa na haja ya kuchungulia. Waliisikia wakiwa bado kitandani, wakatuma watoto na sahani. Wauzaji wengine walipita, na mikate yao ya muhogo ilikuwa mizuri, lakini watu walimngoja Adèle.

Sasa sauti ile ilikuwa imechakaa. Kwa miezi mingi mama alisema ni moshi, ni vumbi, ni mvua; akatafuna tangawizi, akaendelea na njia. Alipokubali kwenda hospitali, daktari aliona uvimbe mbaya kooni. Ilibidi utolewe, na sauti ingeondoka pamoja nao.

"Ungekuja mapema, mama, labda tungekuwa na njia nyingine," daktari alisema kwa upole. Kisha akapanga siku ya upasuaji.

Aliyeleta tumaini ni jirani yao, Tonton Djuma, mtu wa Maniema aliyetengeneza simu katika kibanda kando ya barabara. Jioni moja alikuja na simu iliyopasuka kioo pembeni.

"Ma Adèle, sikia. Kuko programu ndani ya telefone hii. Inakupatia maneno, unayasema, nayo inajifunza sauti yako. Kisha, hata kama huwezi kusema, utaandika, na telefone itasema na sauti yako."

"Yangu mimi?" Mama alimtazama kwa shaka. "Haitasema kama mama wa redio?"

"Yako kabisa! Mpaka ile ya kukaripia watoto."

Mama alicheka hadi akakohoa. Tonton Djuma akamgeukia Gracia. "Bon, mutoto yangu, kazi ya kubonyeza ni yako. Mahali pawe kimya, na asiseme mutu mwingine. Mama peke yake. Umesikia?"

"Nimesikia, tonton."

Kazi ikaanza, na haikuwa nyepesi. Mama aliishia darasa la tatu, kwa hiyo kila sentensi iliyotokea kwenye kioo, Gracia aliisoma kwanza kwa kunong'ona, kisha akabonyeza duara jekundu, na mama akairudia. Mbuzi wa jirani akilia, wanafuta. Jenereta ikiwaka, wanafuta. Kwaya ya kanisa la nyuma ya nyumba ikianza mazoezi, wanaacha kabisa.

Tena, sentensi zenyewe zilikuwa za ajabu.

"Tafadhali niletee mwavuli wangu wa kijani," Gracia alinong'ona.

"Mimi sina mwavuli," mama alisema.

"Mama, sema tu hivyo."

"Nitaombaje kitu ambacho sina? Alors, na mvua ikinyesha?"

Walicheka, wakafuta, wakaanza upya. Lakini siku zilivyokwenda, kicheko kilipungua. Mama alirudi kutoka mtaani akiwa hoi, akasema sentensi chache, sauti ikakatika. "Kesho," alinong'ona, akajilaza kwenye mkeka. Naye Gracia, aliyetoka shule na bado hajateka maji, wala hajamwogesha Moïse, mdogo wake aliyekuwa ndiyo kwanza anajua kukimbia, aliitazama ile simu. Sentensi zilizobaki zilikuwa kama safari isiyo na mwisho.

Ndipo alipokumbuka jambo. Baba yake, Papa Josué, aliyekuwa Yahuma akinunua mpunga wa kuja kuuza mjini, kila alipopiga simu alikosea. "Allô, Adèle!" husema, na Gracia hujibu, "Ni mimi, papa." Papa hucheka: "Sauti ni moja tu!"

Kama sauti ni moja, Gracia aliwaza, kuna ubaya gani?

Alichukua simu, akaingia chumbani, akafunga mlango. Akaifanya sauti yake iwe nene kidogo. "Tafadhali niletee mwavuli wangu wa kijani." Simu haikukataa. Ikaleta sentensi nyingine, na nyingine. Kesho yake akafanya vilevile. Mama alipouliza, Gracia alijibu, "Zimebaki kidogo tu, mama. Pumzika." Mama akambariki kwa kumshika kichwa. Mkono ule ulikuwa mzito kuliko beseni la kwanga.

Kazi ilipokamilika, Tonton Djuma alikaa na simu kwake ili iandae sauti, maana nyumbani umeme ulikatika mara kwa mara. Kisha akawaita. Mama alikwenda amevaa kitambaa kipya, Gracia akamfuata na Moïse. Kibandani walimkuta Mama Félicité, mteja wa kwanga wa siku zote, aliyeleta simu yake itengenezwe.

Tonton Djuma aliandika. Simu ikasema: "Kwanga ya Yanonge, iko moto."

Ilikuwa sauti laini, safi, isiyo na mkwaruzo hata kidogo.

"Ehee! Ma Adèle, umerudi musichana!" Tonton Djuma alipiga makofi.

Mama Félicité hakupiga makofi. Aliinamisha kichwa. "Ni nzuri," alisema taratibu. "Lakini hii ningeiacha ipite. Ningesema, huyu si Adèle."

"Muko wagumu kufurahi!" alisema Djuma, akaandika tena. Simu ikaita: "Moïse, kuja ule!"

Moïse, aliyekuwa akichezea vumbi mlangoni, akainuka. Mama alikuwa karibu naye, amemnyoshea mikono. Mtoto akampita mama yake, akakimbia moja kwa moja hadi kwa Gracia, akamkumbatia miguu, akainua uso kumtazama.

Mama alibaki amenyosha mikono, kisha akaishusha polepole. Akamtazama Gracia. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa amechoka tu, na hilo lilimuuma Gracia kuliko kofi.

"Ni mimi, mama," alisema, machozi yakimtoka. "Nyingi nimesema mimi. Wewe ulikuwa umelala. Nilikuwa nimechoka... nilifikiri sauti yetu ni moja."

"Na mimi nikakubariki," mama alisema kwa sauti iliyokwaruza.

Tonton Djuma aliguna. "Sauti ya mutu si koti ya kuazima, Gracia. Programu haiwezi kuchambua yako na yake. Tunafuta zote." Akatazama kalenda ukutani. Siku ya hospitali ilikuwa karibu, na sauti ya mama ilikuwa imebaki kama mafuta ya mwisho ndani ya taa.

Usiku ule Gracia hakula. Asubuhi, mama alipoinua beseni, alilishika upande wa pili.

"Mama, usiite leo. Weka sauti yako kwa ajili ya simu. Nitaita mimi. Kwa sauti yangu."

Mama alifikiri, akaitikia kwa kichwa.

Wakatoka wawili: mama mbele na beseni, kimya, Gracia nyuma yake. Mara ya kwanza aliita kwa haya, sauti ikafia kooni. Kijana wa pikipiki akamtania: "Petite, unauza kwanga ao unauza siri?" Gracia akavuta pumzi. "Kwanga ya Mama Adèle eee! Ni mimi Gracia naita!" Madirisha yakafunguka. Mama Félicité akatoka mwenyewe na sahani. "Leo najua nani anaita," alisema, akanunua.

Mwalimu wa Gracia alikubali achelewe siku hizo baada ya kuelezwa yote, bila kufichwa kitu. Kila walipomaliza kuuza, mama na Gracia waliketi katika stoo ya Tonton Djuma, katikati ya magunia yaliyozuia kelele, wakaanza upya. Mwavuli wa kijani. Basi la mchana. Nyanya za shangazi. Sentensi moja, kunywa maji ya uvuguvugu, sentensi moja. Kuna siku Gracia alihisi macho yanafumba akiwa amekaa. Akasema, "Mama, nimechoka." Mama akazima simu, akamlaza mapajani, wakapumzika kidogo, wakaendelea. Sentensi ya mwisho mama aliisema kwa sauti ya chini, yenye mkwaruzo, iliyopanda kidogo mwishoni. Ilikuwa mkesha wa kwenda hospitali.

Upasuaji ulikwenda vizuri, na siku hizo Tonton Djuma akaiandaa sauti upya ndani ya simu. Siku Gracia aliporuhusiwa kuingia wodini na Moïse, mama alikuwa ameketi kitandani, bendeji nyeupe shingoni. Alifungua mdomo, pasitoke kitu. Gracia akageuza uso.

Kisha akasikia vidole vikigusa kioo, polepole sana, herufi moja, nyingine, kama mtu anayechagua mchele.

"Moïse, kuja."

Sauti ilikwaruza. Ilikuwa nzito, ya mtu aliyetembea sana na beseni kichwani. Moïse akageuka huku na huku, akaiona simu, akaiacha. Akakimbilia kitanda, akakwea, akajibanza ubavuni mwa mama yake.

Mama alifumba macho kwa muda. Alipoyafumbua, alianza tena kuandika. Alikawia. Gracia alitaka kumsaidia, akaona mama anatikisa kichwa: hii ni kazi yangu. Hatimaye simu ikasema:

"Gracia. Kuchoka si kosa. Kosa ni kuficha uchovu ndani ya uongo. Mimi nilisema ni moshi tu, nikaficha ugonjwa. Wewe ulisema zimebaki kidogo, ukaficha kazi. Tusifiche tena. Ukichoka, sema. Mama atakusikia."

Gracia alijifuta machozi kwa kiganja. Nje ya dirisha mwanamke fulani alikuwa akipita akiuza ndizi, sauti yake ikienda mbali.

"Nimechoka, mama," alisema.

Mama akasogea upande, akampisha kitandani, akaandika neno moja.

"Lala," ilisema sauti ya Mama Adèle.