Noti Zisizokunjwa

Paka ndiye aliyekuwa wa kwanza kuususia mkebe. Kipindi chote cha baridi alilala juu yake, chini ya kitanda cha Muhidin, kwa sababu mkebe ule ulikuwa na joto, na baridi ya Sumbawanga mwezi wa saba wenyewe tunaijua. Jioni moja akaruka kama aliyeunguzwa, akatoka mbio, na chumbani humo hakukanyaga tena.

Muhidin alikuwa na duka mjini, na ugonjwa wake ulikuwa noti mpya. Si kuzitumia, thubutu! Kuzitazama. Noti isiyokunjwa, isiyopita mkononi mwa muuza samaki, aliilaza mkebeni katikati ya karatasi safi kama anamlaza mtoto mchanga. Mkewe Kulsumu alimcheka tu. Wenzake wanaweka nyumba ndogo, alisema, wangu anaweka karatasi. Na mwaka ule wa msako wa walanguzi, mgambo walipoingia kupekua, ni Kulsumu huyohuyo aliyeukalia mkebe, kajitanda khanga, akijifanya tumbo linamkata. Alimlinda mumewe namna hiyo, na hilo likumbukwe.

Baada ya paka ikaja harufu. Udi, kila Alhamisi jua likizama, na nyumbani hawakuwa na udi. Siku hizo hata sabuni ilikuwa ya foleni. Ilitoka chumbani kwa Sada, binti yao wa pekee, aliyechumbiwa na Huseni, mtoto wa mwenye malori. Kisha Sada akaamka na hina mikononi, maua yamechorwa vizuri kuliko fundi yeyote wa mjini, na hakuna aliyempaka. Mama akasugua kwa ndimu na majivu, haikutoka. Ikafika Alhamisi ambayo Kulsumu, akiwa uani anaanua nguo, alisikia sauti ya kiume chumbani kwa mwanawe, sauti ya upole, ikizungumza taratibu kama ya mtu aliye kwake, na Sada akiitikia abee, abee, naye mama akasukuma mlango akamkuta binti peke yake kitandani, ameelekea ukutani, amejifunika ushungi kama bibi harusi, na godoro kando yake limebonyea, kisha likainuka polepole, kama linavyoinuka mtu mzito anaposimama.

Wakamwita Mwalimu Selemani wa Kizwite, mganga wa kitabu. Hakuuliza habari za Sada. Alinusa, akaenda moja kwa moja chini ya kitanda cha wazazi, akauvuta mkebe, akamtaka Muhidin aseme mwenyewe.

Muhidin alisema huku akiangalia sakafu. Kulikuwa na mtu wa kanzu, anapanda kutoka bondeni, upande wa Ilemba, hanunui kitu. Kila Alhamisi analeta noti moja, mpya kabisa. Siku ya kwanza alisema wazi kuwa ni mahari ya Sada.

"Nawe ukapokea," Kulsumu alinong'ona.

"Sijatumia hata moja, mama Sada. Nilidhani mahari isiyotumika si mahari."

Hapo Kulsumu akamwita kwa jina, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu waoane. "Nilikaa juu ya mkebe ule mbele ya mgambo, Muhidin. Umemuuza mwanangu, ukaniweka mimi kuwa mlinzi."

Kulsumu aliumia hata machozi yakagoma.

Mwalimu akasema mahari ikishapokewa imepokewa, ilale au itembee. Dawa ni moja, zirudishwe zote, isibaki hata noti moja. Muhidin akabeba mkebe mwenyewe hadi mwambani, ukingoni mwa bonde, na aliporudi mkebe ulikuwa mtupu. Harufu ikakatika. Hina ikafifia. Hata paka akarudi kulala chumbani.

Siku ya harusi, vigelegele vikiwa vimepamba moto, Kulsumu aliingia kuchukua koti la mumewe. Paka alikuwa amelala juu yake. Aliposhika bitana akahisi joto, na chini ya mshono mpya kitu chembamba, kimenyooka. Akafumua. Muhidin alikuwa amesimama mlangoni.

"Hiyo ilikuwa nzuri mno," alisema kwa sauti ndogo. "Moja tu, mama Sada."

Paka akaruka, akatoka mbio. Udi ukajaa nyumba nzima. Kulsumu akakimbilia chumba cha binti, akakuta mlango umefungwa kwa ndani, akagonga mpaka mikono ikauma.

"Mama, msitusumbue," Sada aliitika kwa upole. "Bwana harusi ameshaingia."

Nje, mbali kwenye barabara ya Kaengesa, honi ya lori la akina Huseni ndiyo kwanza ilianza kusikika.